Baridi ya Chumba cha Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanajua, walimu wenzangu wanajua, na mama yangu alijua kabla yao wote. Kwa hiyo nikisema kwamba likizo moja ya Agosti nilimfokea mama yangu mzazi kwa sababu ya mahali pa kulala, anayenifahamu hatashangaa. Atauliza tu, ehe, halafu ikawaje?

Mimi na kaka yangu tulikuwa tumemjengea mama nyumba. Nyumba ya mawe, jamani, si mchezo. Vyumba vitatu, sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu, madirisha ya vioo, na stima ilipofika kijijini tukaivuta mpaka ndani. Kaka anafanya kazi Mombasa, mimi nafundisha Embu na nimepanga pale mtaa wa Majimbo, na kwa miaka mingi kila mmoja wetu alijinyima ili siku moja mama atoke kwenye riiko. Riiko ndilo jiko la nje, kile kibanda cha mbao na udongo ambamo mama yeyote wa kwetu Kiirua hupikia. Wa kwangu hakuwa akipikia tu. Tangu baba afariki alihamishia kitanda chake humo, nyuma ya mafiga, akalala na moshi wake na mbuzi wake wawili.

Siku ya kuingia nyumba mpya tulimwita mchungaji akaomba, tukachinja mmoja wa wale mbuzi, majirani wakala wakashiba. Mama alishukuru mpaka akalia. Wiki mbili baadaye nikampigia simu kumuuliza chumba chake kikoje.

"Kizuri sana," akasema. "Viazi vya mbegu havijawahi kukaa pahali pazuri hivyo."

Alikuwa amejaza viazi kwenye chumba tulichomjengea alale! Yeye mwenyewe alikuwa amerudi riikoni.

Mwaka wa kwanza nilicheka, sitasema uongo. Mwaka wa pili kikohozi kikaanza, na mwaka wa tatu mama akawa hawezi kupanda kutoka mtoni bila kukaa chini mara mbili. Nikampeleka kwa daktari. Daktari alimpiga picha ya kifua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza mimi wala si yeye, "Huyu mama amevuta sigara miaka mingapi?"

Mama yangu hajashika sigara maishani mwake. Ni mzee wa kanisa.

"Basi ni moshi wa kuni," daktari akasema. "Atoke kwenye huo moshi, na mapema. Lakini muangalie, msimtoe motoni mkamtupa kwenye baridi. Kwa kifua hiki, nimonia moja tu inatosha kumwondoa."

Niliyashika maneno hayo yote mawili mpaka nyumbani, moshi mkono huu na baridi mkono ule. Wasioijua baridi ya Kiirua wataniona najidekeza. Upepo unashuka kutoka mlimani jioni ukiwa na haraka, na mwezi wa saba na wa nane mtu akinawa uso asubuhi vidole vinakataa kufunga vifungo vya sweta. Nyumba ya mawe inaikusanya baridi hiyo na kuiweka. Nilijua kwa sababu mimi nilikuwa nikilala humo kila likizo, na soksi mbili, na kilemba.

Basi Agosti ile nikaja na mpango. Nilitoa viazi, nikapiga deki, nikatandika kitanda kizuri chini ya dirisha ili mama aamke akiuona mlima. Nikaleta na hita ya stima kutoka Embu, ile yenye waya unaoiva mwekundu. Nikaiwasha, nikasimama pembeni nikingoja sifa.

Mama akakaa kitandani akaitazama. "Hii inalala saa ngapi?" akauliza.

"Hailali, Mama. Inakulinda usiku kucha."

"Mimi siwezi kulala mbele ya kitu kinachonikodolea macho."

Alijaribu siku tatu. Koo lilimkauka, kikohozi kikazidi, na ile ya tatu upepo uliangusha nguzo huko juu, stima ikapotea mpaka kesho yake mchana. Asubuhi nilimkuta amevaa nguo zote alizo nazo, pamoja na koti la marehemu baba. Alinionyesha tu kidole, kile cha shahada, jinsi kilivyokuwa cheupe.

Nikaingia Meru mjini nikanunua mpira wa maji moto. Huo aliupenda jioni. Alfajiri ukawa umepoa, akasema ni sawa na kulala na chura. Nikaongeza blanketi mbili nzito, akasema kifua hakiwezi kuzibeba. "Baridi hainijii kutoka juu," alinieleza kwa upole, "inatoka ukutani na chini." Mimi nikasikia kile nilichotaka kusikia. Nikasema aha, ni upepo! Nikapanda juu ya stuli na magunia na magazeti, nikaziba matundu yote ya hewa juu ya dirisha na juu ya mlango, nikashindilia kwa kijiti mpaka pakakaza. Nikamfundisha na leso ya kuweka chini ya mlango. Niliposhuka nilijipangusa mikono, nikajiona fundi.

Jioni hiyohiyo nikamkuta anabeba mto wake anaelekea riikoni.

Hapo ndipo nilipomfokea. Nilisimama katikati ya kiwanja, jirani yetu akiwa upande wa pili wa ua anakata nyasi za ng'ombe na masikio yote yapo kwetu, nikamwambia mama yangu, "Haya, nenda! Nenda ukalale na moshi wako! Wewe unataka tukuzike, si ndiyo? Tukuzike tupumzike!"

Hata sasa nikiandika haya uso unanichoma. Huku kwetu mtu hamtamkii mzazi wake kaburi. Mama alisimama na mto wake. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alirudi polepole, akapita mbele yangu, akaingia nyumba ya mawe.

"Sawa," akasema. "Nitalala huku. Na wewe pia ulale."

Ningekuwa na akili ningemfuata nikaomba msamaha. Lakini mimi nilikuwa nimeshinda, na mshindi ana kazi gani na msamaha? Nilisahihisha madaftari yangu nikaenda kitandani. Chumba changu na chake vimetenganishwa na korido tu, na kila siku nilikuwa nikimsikia akikohoa na kujigeuza. Siku hiyo sikusikia kitu. Nikafurahi, nikalala fofofo.

Mama yangu huamka kabla ya jogoo. Sijawahi kumkuta kitandani, si nikiwa mtoto, si nikiwa mtu mzima. Mimi huamshwa na sauti ya ndoo ya kukamulia. Asubuhi ile niliamshwa na ng'ombe. Alikuwa analia zizini, kiwele kimejaa, na jua limeshagusa miti.

Nikagonga mlango wa mama. Kimya. Nikausukuma, ukawa mzito kwa sababu ya leso chini yake, vile nilivyomfundisha. Ndani kulikuwa na joto zuri. Hilo ndilo silisahau, joto lilikuwa zuri kabisa, lile tulilokuwa tukilitafuta. Kando ya kitanda palikuwa na jiko la makaa, na makaa yamefunikwa jivu kwa ustadi, kama wanawake wa kwetu wanavyoufukia moto usizime mpaka asubuhi. Mama alikuwa amelala ubavu na matapishi kwenye mto. Nilimwita. Nilimtingisha. Kichwa kilifuata mkono wangu kisha kikaanguka.

Sijui nilipiga ukelele gani. Jirani alisema baadaye alidhani nimeumwa na nyoka. Alivuka ua na panga lake mkononi, akaona, akalitupa. Tulimburuta mama na blanketi lake, korido, ukumbi, mlango wa mbele, mpaka nje kwenye nyasi zenye umande. Upepo ulikuwa unavuma ule wa mlimani, wa kukata masikio, ule niliokuwa nikipigana nao kwa magunia na magazeti. Nikamfungua kifua nikauacha upepo umpige. Nilikuwa nimepiga magoti nikisema, "Mungu wangu, si yeye, ni mimi, ni mdomo wangu," bila mpango, na jirani akimsugua miguu.

Ilichukua muda. Kisha kope zikacheza. Mama akafungua jicho moja, akatazama juu kule kwenye mawingu, akasema kwa sauti ya mlevi, "Fungeni mlango. Mnaniletea baridi."

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya jirani, juu ya magunia ya kabichi. Wakamwekea oksijeni. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mkali kunizidi mimi, na hakuniuliza mengi.

"Jiko la makaa chumbani, si ndiyo?"

"Alikuwa amelifukia na jivu," nikasema.

"Jivu linazuia nini? Makaa yanatoa sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu hasikii kitu, anasinzia tu. Kila msimu wa baridi tunawapokea hapa. Wengine hatuwapokei, wanapitishwa moja kwa moja kule nyuma." Akaelekeza kidevu upande wa mochari. "Na chumba chenyewe hakina matundu ya hewa?"

"Yalikuwepo."

"Yalienda wapi?"

"Niliyaziba," nikasema.

Akageukia chati. Miaka yote ile mama alifukia moto wake riikoni akaamka salama, kwa kuwa riiko lina nyufa kila upande na paa halijakutana na ukuta. Yeye alifanya kile alichokizoea. Aliyekibadilisha chumba kikawa chupa yenye kizibo ni mimi, mwalimu, mtu wa vitabu.

Siku ya pili alipopata nguvu nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaingiza jiko.

"Ungekataa," akasema. "Na nilikuwa nimekuona huna usingizi kwa ajili yangu. Usiku nikikohoa nakusikia na wewe unajigeuza. Nikasema leo wacha nilale kimya, mtoto wangu naye apumzike."

Nilitoka nje nikalia kwenye korido ya hospitali, mbele za watu, bila hata kitambaa.

Tulipomrudisha nyumbani alielekea riikoni moja kwa moja, na safari hii sikufungua mdomo. Nilibeba mto wake mimi mwenyewe. Nikachukua na godoro dogo nikalala huko na yeye, mara ya kwanza tangu niende shule ya bweni. Moshi ulinitoa machozi mpaka tukamaliza kupika. Baada ya kula mama alitoa vijinga vyote akavizimia nje, na makaa akayamwagia maji. Nikamuuliza kama amefanya hivyo kwa kuogopa, baada ya yale yaliyotupata.

"Kuogopa nini? Nafukia moto siku za mvua tu, kuni zikiwa mbichi. Siku nyingine nauzima. Nani anataka kuungua?"

Kisha nikamuuliza swali ambalo, kwa haki, nilitakiwa kumuuliza kabla hatujanunua jiwe la kwanza. "Mama, sasa huku unapata joto wapi?"

Alicheka kidogo, kifua kikamkata. Akanishika mkono akaupeleka nyuma yake. Kati ya mafiga na kitanda chake palikuwa na kiukuta kinene cha udongo, kimo cha kiuno. Nimekiona tangu nizaliwe. Tulikuwa tukipanda juu yake, tukianika mahindi juu yake, tukichapwa kwa kukivunja kingo. Alikijenga yeye mwenyewe alipokuwa bibi harusi, kwa udongo wa kichuguu, na kila mwaka alikikandika upya. Nikaweka kiganja. Kilikuwa na joto la mkate uliotoka kuiva.

"Mimi huweka mgongo hapa," akasema. "Moto ni wa kupika. Wa kulala ni ukuta."

Alfajiri niligusa tena. Moto ulikuwa umezima saa nyingi, majivu baridi, na ukuta bado una uvuguvugu. Woi! Miaka mitatu tulikuwa tukimbembeleza mama aache moshi, na yeye hakuwahi kuung'ang'ania moshi. Aliung'ang'ania ukuta wake, na hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi hiyo nikamwita fundi. Nikamwambia nataka jiko la kuni lijengwe ubavuni mwa nyumba ya mawe, mgongo wake ugusane na ukuta wa chumba cha mama, liwe na dohani ya kupitisha moshi juu ya paa.

Fundi akatazama nyumba, akanitazama. "Madam, jikoni hujengwa mbali. Hivi watu watasema mmeishiwa na kiwanja."

"Waseme."

Kaka naye akapiga simu kutoka Mombasa, amesikia. Ati nyumba nzuri vile, nibandike kibanda ubavuni, itaharibika sura! Nikamwambia sura ya nyumba hailali na mama. Akauliza taratibu, "Anaendeleaje?" Nikamwambia bado yupo. Nikamsikia akivuta pumzi, na suala la sura likaishia hapo.

Fundi alitaka kujenga kwa matofali na simiti. Mama akakataa. Alikaa kwenye kigoda, amejifunika leso mbili, akamwelekeza kama mwanafunzi. Udongo wa kichuguu huu hapa, uchanganye na majani makavu. Uukanyage mpaka usinate mguuni. Usiharakishe, ukikauka upesi utapasuka.

"Shosho, wewe ulisomea wapi?" fundi akamuuliza, jasho likimtoka.

"Nilisomea kwenye baridi," mama akasema. "Kanyaga."

Kiukuta cha zamani tulikivunja tukakisaga, udongo wake ukaingia ndani ya ule mpya. Mafiga yake matatu aliyabeba jirani moja moja, fundi akayapanga ndani ya jiko jipya. Mimi nilipanda kwenye stuli ileile nikang'oa magunia na magazeti yote, tundu baada ya tundu, mpaka nikaona mwanga. Nikahamisha kitanda kutoka dirishani, nikakibana kwenye ukuta wa jiko. Mlima auone akiwa mzima, nikasema, mchana.

Udongo ulichukua muda kukauka, na ulipokauka shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Ilinibaki siku moja nirudi Embu. Jioni hiyo mama alipika githeri kwenye jiko jipya, moshi ukapanda dohani ukaenda zake, na mimi nikasimama pale jikoni nikivuta pumzi kusudi, nione kama nitakohoa. Tukala. Akauzima moto. Akaingia chumbani kwake, akaacha mlango wazi kiasi cha mkono, kwa maana nilimwambia mlango huo mimi sitaki kuuona umefungwa tena.

Sikumuuliza kama anasikia joto. Niliogopa jibu. Nililala nikisikiliza. Alikohoa mara mbili, akajigeuza, kisha pakawa kimya.

Na mimi, kumbe, nikapitiwa na usingizi.

Nilipofungua macho jua lilikuwa dirishani na ng'ombe analia zizini. Ndoo sikuisikia.

Jamani, miguu ilikwenda kabla yangu. Nilivuka korido nikiwa sina pumzi, nikasukuma mlango ukagonga ukuta. Mama alikuwa amelala ubavu, mgongo umebanwa ukutani, kilemba kimemvuka. Hakutikisika. Nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, mkono mbele kama kipofu, nikamgusa bega. Lilikuwa na joto.

Akafungua jicho moja.

"Funga mlango," akasema. "Unaniletea baridi."

Nilibaki nimeshika bega lake, machozi yananitiririka mpaka kwenye blanketi. Akanitazama kwa lile jicho moja, na nadhani alielewa, kwa kuwa alitoa mkono akanipapasa uso kama mtoto mdogo.

"Ng'ombe analia, Mama," nikasema hatimaye.

"Namsikia." Akavuta blanketi mpaka kidevuni, akausogeza mgongo wake zaidi ukutani. "Leo kakamue wewe."

Sikuwa nimekamua ng'ombe tangu nikiwa msichana. Nikarudishia mlango, nikauacha wazi kiasi cha mkono, nikaenda kutafuta ndoo.